Mguu Niliodhani Unapona

Ninaandika haya kwa ajili ya watu wa umri wangu wanaojitibu viuno na miguu yao wenyewe, mlango umefungwa, bila kumwambia mtu. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi kumi na minne. Sikufa, na bado natembea, ingawa mguu mmoja naburuta. Dawa za hospitali sitazieleza, kwa sababu sizijui vizuri. Nitaeleza nilichofanya kwa mkono wangu, kwa mpangilio ule ule, ili msomaji aone ni wapi nilipokosea.

Kazi yangu ilikuwa kunoa misumeno katika kiwanda cha mbao kando ya mto, hapa Kisangani, mji ambao kwenye karatasi zote unaandikwa Stanleyville. Kila jino la msumeno lazima lipigwe tupa kwa pembe moja, la sivyo mbao zinatoka zimepinda. Mnoaji husimama ameinama, mguu wa kushoto mbele, toka filimbi ya asubuhi hadi ya jioni. Nilitoka Maniema nikiwa kijana. Kusoma nilifundishwa na jirani aliyekuwa karani, na Kifaransa nilikiokota mwenyewe katika vitabu vya maelezo ya mashine. Napenda kitu kilichopimwa. Tabia hiyo ilinipa heshima kiwandani, na ndiyo iliyoniponza.

Maumivu yalianza nikiwa na miaka hamsini na mmoja, mvua za mwezi wa tisa zilipokuwa zinaanza. Yalitoka kiunoni upande wa kushoto, yakashuka nyuma ya paja mpaka shavu la mguu, kana kwamba mtu anavuta uzi ndani ya nyama. Nikikohoa, uzi ulikazwa. Chooni nilishika ukuta kwa mikono miwili ndipo niinuke. Asubuhi nilihitaji muda mrefu kuvaa kiatu cha kushoto, nikawa naamka kabla ya mke wangu, Amina, asije akaniona.

Aliyeona kwanza alikuwa Lokwa, mwenzangu kwenye meza ya tupa, mtu asiyeweza kukaa saa nzima bila kumtania mtu.

"Papa Salumu, utazaa lini?" aliniuliza mbele ya wote. "Utuambie, tununue bitambaa ya mutoto."

Nilicheka pamoja nao. Kiwandani mtu aliyesema mgongo unamuuma alipelekwa kupimwa, akarudi na karatasi kwamba hafai kazi, na karatasi hiyo ilichukua pia nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi. Mnoaji aliyenitangulia aliondoka hivyo, na kitanda chake kichwani. Nikaamua kwamba mgongo wangu hautajulikana na mtu.

Dawa nilipewa na Mama Bolumbu, mama mmoja wa wale wavuvi wa kwenye maporomoko, aliyekuwa akituletea samaki wakavu getini. Aliniangalia ninavyoweka mguu chini, akanivuta kando, akauliza tangu lini. Siku ya pili aliniletea ganda la mti la kuchoma liwe majivu, na kichupa cha maji meupe ya mmea, akanieleza namna ya kuyatumia. Kisha akaniambia sharti.

"Dawa ya mifupa mutu anajifanyia yeye mwenyewe. Mwenye munalala naye asione, mwenye munakula naye asione. Akiona, maumivu inahamia kwake. Na mwezi ukiisha, urudi kwangu nikuangalie."

Mimi si mtu wa kuamini kila ninachoambiwa. Lakini Amina alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili na kulea mmoja, Salumu, ambaye sasa yuko mbali kikazi. Sikutaka kufanya jaribio juu ya mwili wake.

Kila Jumapili asubuhi Amina alikwenda sokoni, nami nilijifungia katika kibanda cha vyombo nyuma ya nyumba. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa chale. Kwa wembe mpya nilijichanja mbili mbili, kutoka kiunoni hadi juu ya paja, nikasugua majivu mpaka machozi yakanitoka. Mwezi wa pili ulikuwa wa maji meupe: tone moja juu ya kitambaa, kitambaa juu ya ngozi, na ngozi ikainuka lengelenge. Lilipopasuka na kukauka, pakabaki doa lililopauka, kubwa kama mdomo wa kikombe. Niliweka matatu pajani na mawili kwenye muundi. Katikati ya tiba hizo nilijipa lavema, maji ya tangawizi na pilipili yanayoingizwa kwa nyuma, ambazo sitazieleza zaidi. Baadaye ukaja wakati wa jiwe: jiwe la mtoni, lililochomwa katika makaa na kufungwa kwa jani la mgomba, likawekwa juu ya shavu la mguu hadi lipoe.

Kabla ya kila tiba nilichora kwa udongo mweupe mpaka wa mahali panapouma, nikajichoma kwa sindano ya kushonea ndani ya mpaka na nje yake, na nikaunakili mchoro katika daftari. Hiyo haikuwa amri ya Mama Bolumbu. Ilikuwa yangu.

Mahali pa kwanza kuacha kuuma palikuwa kidole kidogo cha mguu. Nilikichoma sindano, nikakichoma tena, hakikusema kitu. Nikaandika: kidole kidogo, kimepona. Baada ya wiki tatu ikafuata kando ya nje ya unyayo. Nikaandika: imepona. Wakati mvua zilipopungua, upande mzima wa nje wa mguu, kutoka chini ya goti, ulikuwa umepona katika daftari langu. Kiuno kiliendelea kuuma, lakini nilikuwa na hesabu yangu: dawa inasukuma ugonjwa juu, na siku moja itausukuma nje. Kwa nini nirudi kwa Mama Bolumbu, ikiwa michoro inaonyesha ushindi? Sikurudi.

Mwili ulinionya kwa njia zake. Siku moja baada ya mvua, kiatu cha kushoto kilibaki kwenye matope, nami nikatembea hatua kadhaa bila kujua, mpaka Lokwa akanifuata nacho mkononi akiuliza kama nimekiacha kiote. Jumapili nyingine nilisikia harufu ya kuungua ndani ya kibanda. Nilidhani ni jani. Nilipoliondoa jiwe, ngozi yangu ilikuja nalo. Hapakuuma hata kidogo. Niliandika: pamepona kabisa.

Mvua kubwa ziliporudi, walikuja watu wa afya kukagua kambi. Tulipangwa wanaume katika banda la mbao, tukaambiwa tuvue nguo, tubaki na chupi. Mimi nilikunja suruali hadi magotini nikasema umri wangu hauniruhusu, na kwa kuwa mstari ulikuwa mrefu niliachwa. Ukweli ni kwamba nilificha chale za kiunoni na pajani, zisionwe zikanipeleka kwenye karatasi ile ya wasiofaa.

Aliyenikagua alikuwa mwuguzi anayeitwa Osako, kijana mwenye sauti ya chini. Aliinama juu ya madoa mawili ya muundi na kovu la jiwe. Akanitaka nifumbe macho, nionyeshe kwa kidole kila mahali anaponigusa kwa unyoya. Nilisubiri aanze. Nilimsikia akipumua. Baadaye aliniambia nifumbue, na mkononi mwake hapakuwa na unyoya tena, palikuwa na pini, na juu ya mguu wangu palikuwa na tone la damu. Aliandika neno moja kwenye karatasi ya kwenda hospitali, akanipa, akanionyesha benchi ya upande wa pili.

Kambi nzima iliijua benchi ile. Wanaokaa pale ni wale wanaodhaniwa kuwa na ukoma. Mgonjwa akithibitishwa, hupelekwa kwa meli kwenye kijiji cha wagonjwa chini ya mto, kwa miaka, na nyumba yake hupewa mwingine. Ilisemekana kulikuwa na vidonge vipya vinavyoponya, lakini mimi sikumjua hata mmoja aliyerudi. Lokwa alikuwa bado mstarini. Nilimngojea aseme neno, hata la kijinga. Aliangalia kiganja chake, kile nilichokuwa nimekipa tupa asubuhi.

Kutoka siku ile nilikula katika sahani yangu peke yangu na kulala kwenye mkeka. Majirani waliacha kumngoja Amina kwenda bombani. Hawakumtukana. Waliondoka kabla yake tu. Yeye alirudi na ndoo, akaitua, akasimama mbele yangu.

"Papa Salumu, hii alama ya mguu ilitoka wapi?"

Nilimjibu kwamba ni ya kazini.

"Kazi gani inachoma mutu mara tatu mahali pamoja?"

Nilipiga hesabu. Nikimwambia, maumivu yatahamia kwake. Na ikiwa hilo ni upuuzi, basi habari itafika kiwandani, na tutaipoteza nyumba. Nikinyamaza, labda vipimo vya hospitali vitanisafisha vyenyewe. Nilikuwa bado napima. Lakini pia, na hili sikuliandika popote, nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli si ukoma. Nilikaa nikigusa mguu wangu kama mtu anayegusa ubao.

Hospitalini tulingoja kwenye ukumbi wa nje, wale wa karatasi kama yangu, mbali kidogo na wengine. Walinikata kipande kidogo cha ndewe ya sikio, wakaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Nilipitisha wiki hizo kwa kuhesabu mvua. Niliporudi, tulikaa toka asubuhi hadi jua lilipofika juu ya paa. Mzee mmoja wa Yahuma, vidole vyake vimefupika, alifungua kwanga yake, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, akaikata katikati, akaninyooshea nusu kwa mkono. Niliitazama. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hofu. Alingoja bila kukasirika. Nikaipokea, nikala, na naweza kusema kwamba katika majira yale yote hakuna chakula kilichonikaa tumboni vizuri kama kile.

Daktari alikuwa Mzungu wa makamo, aliyechoka, asiyepandisha sauti. Osako alitufasiria. Katika sikio hawakuona kitu. Lakini, alisema daktari, ukoma wa madoa machache mara nyingi hauonekani katika sikio, na mguu wangu unasema wazi: madoa yamepauka, hayasikii, na kuna kovu la kuungua ambalo mgonjwa hakulijua. Meli ilikuwa inashuka Alhamisi. Angetia sahihi. Kabla ya hapo, mke lazima akaguliwe vilevile, na kila mwezi baada ya hapo.

Amina, aliyekuja nami, alikuwa amesimama mlangoni. Aliambiwa avue kitambaa cha kichwa na blauzi, abaki na kitenge. Osako alifanya kazi yake kwa adabu, akiangalia ngozi na si mtu, lakini unyoya ule ulipopita mgongoni mwake nilimwona Amina ameuma mdomo wa chini na kutazama ukutani. Tulikuwa na miaka ishirini na sita ya ndoa. Sikuwahi kumwona akitazama ukuta namna ile. Nikafahamu kwamba kile nilichotaka kisihamie kwake kilikuwa kimekwisha kuhamia.

"Munganga," nilimwambia Osako, "mwache. Haya madoa nilijifanyia mimi."

Nilieleza yote, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa changu cha vitabu vya mashine: mgongo, wembe, majivu, maji meupe, jiwe. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Osako akanifasiria jibu kwa sauti ya chini zaidi: "Anasema, kila mutu mwenye hataki kupanda meli iko na hadithi."

Hapo ile tabia yangu ya kupima ilinisaidia kwa mara ya kwanza. Nilisema: katika ukoma doa lenyewe ndilo lisilosikia, kama nimewaelewa. Basi ninayo madoa mengine matatu, ya dawa ile ile na mwezi ule ule, yako pajani, na paja langu linasikia. Huku chini ngozi ilikufa kutoka mgongoni, na doa limekaa juu yake tu. Nifungeni macho, mjaribu.

Daktari aliinua kichwa. Nami nikafungua suruali, nikaiacha ianguke, mbele ya wanaume wawili na mbele ya Amina. Chale zilionekana zote, mbili mbili, toka kiunoni, na chini yake madoa. Osako aliomba kitambaa cha Amina, akanifunga nacho macho. Kilinuka sabuni na moshi.

Sheria ilikuwa rahisi: niguswe, nionyeshe. Nikikosa, meli.

Nilihisi kitu chepesi juu ya doa la kwanza. Nikaweka kidole. Kikaja ukingoni mwa la pili, nikaonyesha. Katikati ya la tatu, nikaonyesha. Tena la kwanza. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni na nikaogopa kwamba litanidanganya. Kisha pakawa kimya. Nilingoja. Niliwaza kwamba sasa ananigusa nami sisikii. Kidole changu kilikuwa tayari hewani. Ningeweza kukiweka popote na kubahatisha. Nilidhani kuna kitu upande wa ndani wa doa la pili, kisha nikadhani hakuna.

"Iko wapi?" Osako aliuliza.

"Sisikii kitu."

"Uko na hakika, papa?"

Nilikuwa nimeandika *imepona* mara nyingi kwa hakika. Safari hii nilisema nilichokuwa nacho tu. "Sisikii kitu."

"Bon," alisema Osako. "Sikugusa."

Alirudia majaribio mara nyingi zaidi, kwa unyoya na kwa pini, na vichupa viwili vya maji, ya moto na ya baridi. Pajani sikukosa. Kisha daktari akanilaza chali, akauinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, na kabla haujafika mbali nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika ukumbini. Akauinua wa kulia; hakuna kitu. Alibonyeza nyuma ya goti langu akitafuta mshipa ulionenepa, dalili nyingine ya ukoma, hakuupata. Alikwenda mezani na kukata neno moja kwa mstari. Osako alinieleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni, na kwamba mguu wangu ulikuwa unakufa ganzi wakati mimi nikiupongeza.

Yaliyofuata ni mafupi. Juu ya karatasi daktari aliandika pia kwamba sifai kazi ya kusimama, na kiwanda kikafuata karatasi, kama nilivyojua kitafanya. Mwezi ulipoisha tulihama kambi. Nililala juu ya mbao wiki sita, nikapigwa sindano, nikavaa mkanda wa ngozi. Maumivu yalipungua hadi kiasi ninachoweza kukaa nacho. Unyayo hauinuki vizuri, kwa hiyo nimefunga kamba kutoka ncha ya kiatu hadi chini ya goti. Sasa tunakaa njia ya Kapalata, na maseremala huniletea misumeno nyumbani, nanoa nimekaa. Lokwa alikuja baada ya muda mrefu, akasimama nje ya ua bila kujua aanzie wapi, mwishowe akauliza kama yule mtoto amezaliwa. Nilimpa kiti.

Kwa Mama Bolumbu nilikwenda pia, nikiwa na hasira. Alinisikiliza akiendelea kupanga samaki. Akaniuliza jambo moja tu: kwa nini sikurudi mwezi ulipoisha, kama alivyosema? Yeye alitaka kuniangalia. Mimi niliona daftari linatosha.

Kwa hiyo sisemi mtu aache dawa za kwao. Hata leo mafuta ya mawese yenye pilipili yananisaidia wakati wa baridi ya mvua. Nasema mambo mawili. Mahali palipoacha kuuma, pachome sindano; pasiposikia sindano, hapajapona, na hapo usiweke moto wala wembe, uende ukaonwe. Na mtu mwingine aujue mwili wako. Jicho la mgonjwa linaona kile linachotaka.

Siku ile ya unyoya tulitoka hospitalini mchana. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa na madimbwi. Amina alitangulia hatua mbili tatu, kitambaa chake begani, hanisemeshi. Nilijua ana haki. Alikuwa amenitunza miezi kumi na minne bila kujua ninaumwa nini. Tulipofika kwenye njiapanda alisimama, akaningoja nimfikie, akauchukua mkono wangu na kuuweka begani mwake ili niegemee.

"Sasa uniambie," alisema. "Inaumia wapi?"

Nilianzia kiunoni. Tulifika sokoni, tukalipita, na nilikuwa bado sijafika kwenye goti.